George Westinghouse: Mtu aliyeifanya breki ifunge upepo unapokwisha

Lubumbashi. Mkazi wa mtaa wa Golf anayetoka asubuhi kwenda Likasi, umbali wa takriban kilomita 120, au kushuka Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, kilomita zipatazo 90, hawi peke yake barabarani. Mbele yake, nyuma yake na upande wa pili yapo malori yenye tela, yamebeba shaba, kobalti, asidi, mafuta, saruji na unga. Breki za gari lake zinaweza kuwa nzima kabisa, lakini maisha yake yanategemea pia breki za lori lililo nyuma yake.

Breki hizo hufanya kazi kwa upepo. Karibu na gurudumu lenye breki hukaa kopo la chuma la mviringo ambalo mafundi wengi wa Afrika Mashariki huliita busta. Dereva akikanyaga pedali, upepo huingia ndani ya kopo hilo, husukuma kiwambo cha mpira, nacho husukuma fimbo inayobana breki. Abiria wengi hawajui hata kama kifaa hicho kipo.

Asili ya kazi hiyo inarudi kwa Mmarekani mmoja, George Westinghouse, aliyefariki mwaka 1914. Wengi hulifahamu jina lake kutokana na mitambo ya umeme. Lakini kabla ya umeme alishughulika na breki za treni, na huko aliacha funzo ambalo kila gereji ya malori ya Katanga inalihitaji hadi leo: breki nzuri ni ile ambayo ikiharibika, gari husimama.

Mtoto wa karakana

Westinghouse alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1846 katika kijiji cha Central Bridge, jimbo la New York. Baba yake, aliyeitwa pia George, alitengeneza mashine za kilimo. Mwaka 1856 familia ilihamia mji wa Schenectady, ambako baba alifungua karakana kubwa zaidi. Kijana huyo hakuvutiwa sana na darasa. Alivutiwa na vyuma, mikanda na injini za mvuke zilizokuwa zikizunguka kiwandani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilimkuta akiwa bado mdogo. Alijiunga na jeshi la upande wa Kaskazini, kwanza kikosi cha wapanda farasi, kisha jeshi la majini akiwa msaidizi wa wahandisi wa injini. Kaka yake Albert aliuawa katika vita hivyo. George alirudi nyumbani mwaka 1865, akaingia chuo cha Union mjini Schenectady, akakaa miezi michache tu na kuacha. Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 19, alipata hataza yake ya kwanza, ya injini ya mvuke ya kuzunguka.

Injini hiyo haikumletea mali. Hata hivyo ilimpeleka kwenye reli. Alibuni kifaa cha kurudisha mabehewa yaliyotoka njiani, akaanza kusafiri kukiuza kwa kampuni za reli. Agosti 1867 alimwoa Marguerite Erskine Walker, na baada ya muda wakahamia Pittsburgh, mji wa chuma na makaa ya mawe.

Treni isiyoweza kusimama

Wanaosimulia maisha yake husema kuwa mwaka 1866 safari yake ilicheleweshwa na ajali ya treni mbili za mizigo zilizogongana kati ya Schenectady na Troy. Njia ilikuwa imenyooka na tambarare. Madereva wa treni zote mbili walionana mapema. Wote walitaka kusimama, na hakuna aliyeweza kusimama kwa wakati.

Sababu ilijulikana na kila mtu wa reli. Kila behewa lilikuwa na breki yake ya mkono. Dereva alipiga honi, na wafanyakazi wa breki wakakimbia kutoka behewa moja hadi jingine wakizungusha magurudumu ya chuma ili kubana breki. Kwenye treni za mizigo walitembea juu ya mapaa, mchana na usiku, kwenye mvua na barafu. Wengi walianguka wakafa, wengine wakakatwa viungo. Na hata walipofanya kazi bila kosa, treni ilikwenda umbali mrefu kabla ya kusimama.

Westinghouse alitafuta njia ya kumpa dereva mmoja uwezo wa kufunga breki za mabehewa yote kwa mara moja. Alifikiria mnyororo, kisha mvuke. Mnyororo ulishindwa na urefu wa treni, na mvuke hupoa bombani ukageuka maji. Jibu alilipata aliposoma habari za shimo la reli lililokuwa likichimbwa chini ya milima ya Alpi, eneo la Mont Cenis kati ya Ufaransa na Italia. Huko mashine za kutoboa mwamba ziliendeshwa kwa upepo ulioshindiliwa na kupelekwa mbali kwa bomba. Kama upepo unaweza kutoboa mlima, aliona, unaweza pia kubana gurudumu.

Mfumo wake wa kwanza ulikuwa rahisi. Kompresa iliyoendeshwa na mvuke wa injini ilijaza upepo kwenye mtungi. Bomba lilipita chini ya mabehewa yote. Dereva alipofungua valvu, upepo ulikimbia bombani hadi kwenye silinda ya kila behewa na kubana breki. Matajiri kadhaa wa reli walilikataa wazo hilo. Kwao lilikuwa mzaha kusema treni nzito itasimamishwa na upepo mtupu.

Aliyemsaidia kwa fedha alikuwa rafiki yake wa Pittsburgh, Ralph Baggaley. Kampuni moja ya reli ilikubali kuwapa treni ya majaribio ya injini na mabehewa manne, kwa sharti kwamba hasara yoyote wabebe wao. Simulizi maarufu ya siku hiyo inasema kuwa treni ilipotoka tu kwenye shimo la reli mjini, gari la farasi lilikuwa limekwama mbele yake kwenye makutano. Dereva, Daniel Tate, alivuta valvu. Wageni waliokuwa ndani waliangushwa kutoka vitini, lakini treni ilisimama kabla ya kumfikia mwenye farasi.

Hataza ya breki ya upepo ilitolewa tarehe 13 Aprili 1869. Westinghouse alikuwa na miaka 22. Mwaka huohuo iliundwa kampuni ya Westinghouse Air Brake.

Kasoro iliyojificha

Mtu mwingine angetosheka hapo. Breki ilinunulika, na jina lake likaanza kuvuka bahari. Lakini mfumo huo wa kwanza ulikuwa na kasoro kubwa: ulihitaji upepo ili kufunga. Bomba likipasuka, upepo ulimwagika nje na breki za treni nzima zikapotea. Mabehewa yakikatika kwenye mlima, sehemu ya nyuma ilibaki bila breki yoyote isipokuwa ile ya mkono. Kwa maneno mengine, breki ilifanya kazi vizuri siku ambazo hakuna kilichoharibika, na ilishindwa siku ambayo ilihitajika zaidi.

Alipokwenda Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1870 kuiuza, wataalamu wa huko walidai breki itakayofunga yenyewe treni inapokatika. Westinghouse alirudi mezani na kuugeuza mfumo wake juu chini.

Katika mfumo mpya, uliokuwa tayari kufikia mwaka 1872 na 1873, kila behewa lilipewa mtungi wake mdogo wa upepo na valvu maalumu. Upepo wa bomba kuu haukubana breki tena. Kazi yake ikawa kujaza mitungi na kuziweka breki wazi. Dereva alipotaka kusimama, alipunguza upepo bombani. Valvu ya kila behewa ilihisi upungufu huo na kuruhusu upepo wa mtungi wake uingie kwenye silinda na kubana magurudumu.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Bomba likipasuka, upepo hupungua, na breki hufunga. Behewa likikatika, bomba huachana, na sehemu zote mbili hufunga. Kuharibika kwa bomba kuligeuka kuwa amri ya kusimama. Ubora wa kazi ya Westinghouse uko hapa kuliko kwenye nguvu ya breki yenyewe.

Armagh na Burlington

Tofauti kati ya breki hizi mbili ilionekana kwa uchungu tarehe 12 Juni 1889 karibu na Armagh, Ireland. Treni ya matembezi iliyojaa watu, wengi wao watoto, ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi waliamua kuikata ili injini ipeleke kwanza sehemu ya mbele. Breki ya treni hiyo ilikuwa ya ombwe na haikuwa ya kujifunga yenyewe. Mabehewa yalipotenganishwa, sehemu ya nyuma ilibaki na breki ya mkono peke yake. Ilianza kurudi nyuma, ikashika kasi na kugonga treni iliyokuwa ikipanda. Watu wapatao 80 walikufa. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kulazimisha treni za abiria kuwa na breki zinazojifunga zenyewe katika mabehewa yote.

Nchini Marekani vita vilivyobaki vilikuwa vya treni za mizigo. Mwaka 1886 na 1887 yalifanyika majaribio karibu na Burlington, Iowa, kwa treni za mabehewa 50. Breki ya Westinghouse iliaibika. Amri ya kufunga ilichukua muda kufika mkiani, hivyo mabehewa ya mbele yalisimama huku ya nyuma yakiendelea, yakagongana kwa kishindo kilichowaangusha watu ndani. Westinghouse alitengeneza upya valvu zake katika muda wa miezi, safari hii kila moja ikiharakisha amri kwenda kwa inayofuata. Kisha akaizungusha treni ya mabehewa 50 katika miji mbalimbali ili kila mwenye shaka ajionee mwenyewe.

Teknolojia peke yake haikutosha. Kampuni nyingi za reli ziliona ni rahisi kuajiri mfanyakazi mpya wa breki kuliko kununua breki. Lorenzo Coffin, mkulima aliyewahi kuwa kamishna wa reli wa Iowa, alipiga kampeni kwa miaka kadhaa, hadi Rais Benjamin Harrison alipotia saini sheria ya vifaa vya usalama vya reli Machi 1893. Sheria hiyo ilizitaka kampuni zifunge breki za upepo na viunganishi vya kujifunga. Baada ya kuongezewa muda, zilibanwa kutimiza kufikia mwaka 1900.

Umeme, utajiri na kuanguka

Westinghouse hakubaki kwenye reli tu. Aliingia kwenye ishara za reli, gesi asilia na, kuanzia 1886, umeme wa mkondo geu. Mwaka 1888 alinunua haki za hataza za Nikola Tesla, akapambana na kambi ya Thomas Edison iliyotetea mkondo mnyoofu. Kampuni yake iliwasha taa za maonesho makubwa ya Chicago mwaka 1893 na kupewa kazi ya mitambo ya maporomoko ya Niagara, ambayo mwaka 1896 ilipeleka umeme hadi mji wa Buffalo.

Kwa wafanyakazi wake alikuwa tajiri wa aina yake. Mwaka 1871 aliwapa mapumziko ya nusu siku kila Jumamosi, jambo ambalo halikuwa la kawaida viwandani wakati huo. Kiwanda cha breki kilipohamia Wilmerding, nje ya Pittsburgh, mji ulijengwa pamoja nacho, wenye nyumba kwa ajili ya wafanyakazi.

Msukosuko wa fedha wa mwaka 1907 ulimnyang'anya udhibiti wa kampuni yake ya umeme. Kampuni ya breki ilibaki imara. Katika miaka yake ya mwisho, akiwa mgonjwa wa moyo, alirudi kwenye upepo ulioshindiliwa, safari hii akibuni springi za upepo za kupunguza mtikisiko wa magari. Alifariki New York tarehe 12 Machi 1914, akiwa na hataza zaidi ya 300. Mkewe alimfuata mwaka huohuo. Akiwa askari wa zamani, alizikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington.

Kutoka reli hadi barabara ya Kasumbalesa

Reli ilifika Lubumbashi, wakati huo Élisabethville, mwaka 1910, Westinghouse akiwa bado hai. Kwa miongo mingi shaba ya Katanga iliondoka kwa treni. Reli ilipodhoofika, mzigo mkubwa ulihamia kwenye malori, na leo barabara ya Kolwezi, Likasi, Lubumbashi hadi Kasumbalesa ndiyo mshipa wa madini kuelekea bandari kama Dar es Salaam na Durban.

Malori hayo yamerithi wazo lake kwa njia mbili. Ya kwanza iko kwenye tela. Bomba jekundu linalopeleka upepo kwenye tela likikatika, valvu ya tela huhisi upungufu na kufunga breki kwa upepo wa mtungi wa tela yenyewe, kama lilivyofanya behewa la mwaka 1873. Ya pili iko ndani ya busta za magurudumu ya nyuma, ambazo kwa kawaida ni makopo mawili yaliyounganishwa. Kopo la mbele ni la breki ya kawaida. La nyuma lina springi kubwa, na upepo ndio unaoizuia. Upepo ukiisha, springi hujitanua na kufunga gurudumu. Ndiyo maana lori lililolala na mitungi mitupu haliondoki asubuhi mpaka kompresa ijaze upepo.

Nguvu yenyewe si ndogo. Busta namba 30 huitwa hivyo kwa sababu eneo la kiwambo chake ni inchi za mraba 30. Ikipata upepo wa bari 7, husukuma fimbo kwa nguvu ya takriban kilo 1,380. Lakini nguvu hiyo ina mpaka, nao ni urefu wa mwendo wa fimbo. Lainingi zikiisha au dramu ikipanuka kwa joto kwenye mteremko mrefu, fimbo husafiri mbali zaidi, hadi inafika mwisho wa kopo bila kubana kitu. Kwa busta namba 30 ya kawaida, fimbo haipaswi kutoka zaidi ya sentimita 5 breki inapokanyagwa kwa nguvu. Kipimo hicho huchukuliwa magurudumu yakiwa yamewekewa vigingi, hendibreki ikiwa imeachiwa na mitungi ikiwa imejaa. Kama mkono wa kurekebisha breki ni wa kujirekebisha wenyewe na bado fimbo inapitiliza, dawa si kuukaza kwa spana kila wiki. Kuna kitu kimechakaa, na kinapaswa kutafutwa.

Matunzo mengine hayahitaji mashine. Maji yamwagwe kutoka kwenye mitungi kila siku, hasa msimu wa mvua, kwa sababu maji na oili ya kompresa huharibu valvu na mpira. Injini ikizimwa na pedali ikashikiliwa, geji ikishuka upesi kuna uvujaji. Sikio husikia mahali, na maji ya sabuni huthibitisha. Kizibo cha nyuma ya kopo la springi kisipotee, maana vumbi na maji vikiingia, springi hupata kutu na kuvunjika ndani. Busta ikibadilishwa upande mmoja, namba yake ilingane na ya upande wa pili wa ekseli, la sivyo lori litavuta upande. Na kopo la springi lisifunguliwe kamwe kwa nyundo wala spana. Springi iliyobanwa humo ina nguvu inayolingana na uzito wa gari dogo, na ikiruka huua. Kopo hilo likiharibika hubadilishwa zima.

Hatari kubwa zaidi hutokea njiani. Kiwambo cha kopo la springi kikipasuka, upepo huvuja na springi hufunga gurudumu. Lori limekwama, mzigo unasubiriwa, simu inalia. Njia ya mkato inajulikana: paipu ya busta inakunjwa na kufungwa kwa waya, na springi inavutwa nyuma kwa boliti yake maalumu ili gurudumu lizunguke. Boliti hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kuvuta lori hadi gereji. Likiendelea na safari hivyo likiwa na mzigo, gurudumu hilo halina tena breki ya springi. Likifanyiwa hivyo gurudumu la pili na la tatu, lori limerudishwa nyuma ya mwaka 1872, kwenye breki ambayo kuharibika kwake hakumsimamishi mtu.

Lori lililojifunga barabarani linaudhi, lakini limefanya kazi iliyokusudiwa. Linamwambia mwenyewe kuwa kuna kitu kimepasuka. Kubadilisha busta moja ni kazi ya saa chache kwa fundi anayeijua, na gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na tani 30 za shaba zinazoteremka bila breki kuelekea foleni ya magari. Kwa anayesafiri kutoka Golf na watoto kwenye kiti cha nyuma, saa hizo chache za gereji ndizo zinazoamua kama lori lililo nyuma yake litasimama.